Pasi za usafiri ughaibuni kwa anayekaa kwa muda mfupi: tuhesabu safari kabla ya kulipa

#1 – Mwanzilishi wa uzi, Kahawa West

Wanajukwaa, hamjambo. Kila mwaka miezi ya Agosti na Septemba inapokaribia, hupokea simu za watu wawili watatu wa hapa Nairobi waliopata nafasi ya masomo, mafunzo ya kazi au mkutano ng'ambo. Huwa wameshughulikia viza, tiketi ya ndege na malazi kwa uangalifu mkubwa, lakini nauli ya kila siku hawajaiwazia hata kidogo. Swali lao huwa moja: "Ninunue pasi gani?", yaani tiketi ya kupanda mara nyingi utakavyo kwa siku, wiki au mwezi. Baada ya kukaa London kwa wiki sita, Berlin kwa miezi mitatu na Paris kwa wiki moja, nimesadiki kwamba swali hilo halifai kuwa la kwanza. La kwanza ni hili: utasafiri mara ngapi, siku zipi, na kutoka wapi hadi wapi?

Sisi tuliolelewa na matatu tuna sababu ya kukosea hapa. Nauli ya kutoka Kahawa West hadi mjini hulipwa safari kwa safari, mkononi mwa konda au kwa M-Pesa, hubadilika asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha hupanda papo hapo. Kwa hiyo hatuna desturi ya kulipia safari ambazo bado hazijafanyika. Tukifika katika mji wenye pasi za siku, za wiki na za mwezi, tunavutwa na ule uhakika wa bei isiyobadilika, tunanunua pasi ya kwanza tunayoonyeshwa, na hatukai chini kuuliza kama imerudisha gharama yake.

Ndivyo nilivyofanya London mwaka 2024. Nilinunua pasi ya mabasi ya siku saba kwa pauni 24.70, nikiamini kwamba nimebana matumizi. Nauli ya basi wakati huo ilikuwa pauni 1.75, na kazi yangu ilinitaka nipande basi kwenda na kurudi kwa siku tano tu. Safari kumi ni pauni 17.50. Ningehitaji kupanda mara 15 ndani ya wiki ili pasi ile inifae, na Jumamosi na Jumapili nilikuwa nakaa chumbani nikiandika ripoti. Nilirudia kosa hilo kwa wiki mbili, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mashine za mabasini zingenipa nafuu zaidi bila mimi kununua chochote.

Nafuu yenyewe inafanya kazi hivi. London, ukitumia kadi moja ile ile ya benki yenye uwezo wa kugusishwa, au kadi ya usafiri inayoitwa Oyster, mfumo hujumlisha nauli zako na kukuwekea kikomo cha siku na kikomo cha wiki. Ukikifikia, safari zinazofuata hutozwi. Zaidi ya hayo, ukigusisha kadi katika basi la kwanza, mabasi mengine utakayopanda ndani ya saa moja yamo katika nauli ile ile ya kwanza. Saa hiyo huhesabiwa tangu mguso wa kwanza hadi mguso wa basi la mwisho, si hadi unaposhuka, kwa hiyo anayebadilisha basi mara mbili kwenda kazini hulipa mara moja. Fedha taslimu hazipokelewi katika mabasi hayo tangu mwaka 2014, jambo linalomkuta mgeni akiwa ameshika noti mlangoni.

Lakini kikomo nacho kina mipaka yake, na hapa naomba tusome polepole. Kikomo cha wiki cha London huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Tuchukue mtu anayefika Alhamisi na kuondoka Jumatano inayofuata, anayetumia treni za chini ya ardhi katika kanda za nauli 1 na 2, yaani za katikati ya jiji, na kufikia kikomo cha siku kila siku, ambacho mwaka 2024 kilikuwa pauni 8.50. Wiki yake imekatwa vipande viwili: siku nne upande huu na tatu upande ule. Hafikii kikomo cha wiki upande wowote, na jumla yake ni pauni 59.50. Pasi ya siku saba, inayoweza kuanza siku yoyote, ilikuwa pauni 42.70 kwa kanda hizo hizo. Hata kama angetoa pauni 7, zilizokuwa bei ya kadi ya Oyster mwaka huo, ili aiwekee pasi hiyo, bado angeokoa karibu pauni 10. Angefika Jumatatu na kuondoka Jumapili, pasi isingemwongezea kitu, kwa sababu kikomo kingemfanyia kazi hiyo hiyo bila kununua kadi.

Kwa hiyo, kabla ya bei, tazama kalenda. Paris inafundisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Pasi ya wiki ya Navigo nayo ni ya Jumatatu hadi Jumapili, na ya wiki inayoendelea huuzwa hadi Alhamisi. Anayefika Ijumaa huuziwa ya wiki inayofuata. Mwaka 2025 iligharimu euro 31.60, pamoja na euro 5 za kadi yenyewe, na ni lazima uwe na picha ndogo ya uso ya kubandika. Kwa kuwa tiketi ya kutoka au kwenda uwanja wa ndege ilikuwa euro 13 na pasi hiyo inafika hadi uwanjani, aliyefika Jumatatu na kuondoka Jumapili alihitaji kuongeza safari tano tu za metro za euro 2.50 ili pasi na kadi vimrudishie fedha zake. Mimi nilifika Jumatano na kuondoka Jumanne. Nilikaa kwenye kiti cha ndege na kalamu, nikaona kwamba safari yangu ya kurudi uwanjani imeangukia nje ya pasi, lakini siku tano za mwanzo peke yake zilikuwa na safari za kutosha. Nilinunua pasi moja, nikalipia Jumatatu na Jumanne kwa tiketi za kawaida. Picha niliipiga River Road kabla ya safari, na nawashauri mfanye vivyo hivyo.

Ujerumani nitaieleza nikiulizwa, maana ina mtego wa peke yake. Karibuni tuchangie, na kila mwenye uzoefu wa mji mwingine autoe kwa takwimu na mwaka wake, kwa kuwa bei hizi hubadilika.

#2 – Muuguzi, South B

Mwalimu, asante kwa maelezo yenye hesabu. Mimi ninakwenda London kwa mafunzo ya wiki tano, na nimepewa orodha ya vyumba viwili. Kimoja kiko ukanda wa 2, karibu na hospitali nitakayofanyia mafunzo. Cha pili kiko ukanda wa 4 na kodi yake ni nafuu kwa pauni 15 kila wiki. Rafiki zangu wote wananiambia nichukue cha ukanda wa 4. Siku mbili kwa wiki nitahudhuria masomo katikati ya jiji. Pia nimesikia kwamba wanafunzi hupunguziwa nauli. Je, nami naingia?

#3 – Mkaazi wa Rongai

Dada, ruhusu nijibu kwanza kwa kuwa mimi ni mfano hai. Nilihama Lang'ata nikaenda Rongai kwa ajili ya kodi ya nyumba, na kwa miaka miwili niliamini kwamba ninaweka akiba, hadi mke wangu alipoandika nauli za matatu za njia ya 125 na 126 katika daftari kwa mwezi mmoja mfululizo, zikiwemo za jioni za mvua. Akiba yote ilikuwa imeliwa na barabara. Sijafika London, lakini hesabu ya kodi na nauli haibadiliki kwa kuvuka bahari: viandike pamoja katika mstari mmoja, visiandikwe katika karatasi mbili.

#4 – Mwanzilishi wa uzi, Kahawa West

Ndugu yangu wa Rongai amesema kweli tupu, nami naongeza takwimu. Mwaka 2024 pasi ya wiki ya kanda 1 na 2 ilikuwa pauni 42.70, na ya kanda 1 hadi 4 ilikuwa pauni 61.40. Tofauti ni pauni 18.70 kwa wiki, ambayo ni zaidi ya zile pauni 15 unazookoa katika kodi. Kwa wiki tano ungepoteza pauni 18.50 na kuongeza muda wa safari kila siku. Hiyo ni kwa anayepanda treni kila siku hadi katikati. Lakini wewe, dada, huendi katikati kila siku, na hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: mabasi ya London hayana kanda. Nauli ni ile ile ukiwa ukanda wa 1 au wa 6. Ukichukua chumba cha ukanda wa 2 na kupanda basi siku tatu za hospitali, kisha treni siku mbili za masomo, sioni pasi yoyote utakayoihitaji. Gusisha kadi moja, uache vikomo vifanye kazi.

Kuhusu punguzo la wanafunzi, lipo, nalo ni asilimia 30 kwa pasi za wiki na za mwezi, ila hudai uwe umesajiliwa katika taasisi inayotambuliwa kwa masomo ya angalau wiki 14. Wiki tano hazitoshi. Hili lilinipata hata mimi na wiki zangu sita, nikawa nimekwisha kujaza fomu.

Mambo mawili madogo yanayogharimu. Katika treni unagusisha unapoingia na unapotoka, na ukisahau kugusisha unapotoka unatozwa nauli ya juu kabisa. Katika basi unagusisha unapopanda tu. Pili, kama umeiweka kadi yako ya benki ndani ya simu, usitumie simu asubuhi na kadi yenyewe jioni ukidhani ni kitu kimoja. Mfumo huviona kuwa ni wasafiri wawili, na hakuna hata mmoja wao atakayefikia kikomo.

#5 – Mwanafunzi, Parklands

Ninaomba hiyo habari ya Ujerumani. Nitakuwa Berlin tangu tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Desemba katika programu ya utafiti. Kila mtu ananitajia Deutschlandticket.

#6 – Mwanzilishi wa uzi, Kahawa West

Ni pasi nzuri kwelikweli, na wanaokutajia hawakukosea. Ila wakuambie na masharti. Ilianza tarehe 1 Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi euro 58 Januari 2025 na euro 63 Januari 2026. Inakubalika katika mabasi, tramu, treni za mjini na treni za mikoa nchi nzima, lakini si katika treni za mwendo kasi za ICE wala zile za masafa marefu za IC na EC. Ni ya mtu mmoja mwenye jina lake, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti uwe nayo mkaguzi anapopita. Tiketi moja ya kanda za AB za Berlin, yaani za jiji lenyewe, ilikuwa euro 3.80 mwaka 2025, na pasi ilikuwa euro 58. Safari 16 kwa mwezi zinaimaliza bei yake.

Mtego ni kwamba huu ni mkataba unaojirudia wenyewe kila mwezi, na mwezi wake ni wa kalenda. Usipousitisha kufikia tarehe 10, utalipia na mwezi unaofuata. Mimi nilikuwa naondoka mwisho wa Novemba. Nilisitisha tarehe 14 Novemba, nikakatwa fedha za Desemba nikiwa tayari nimerudi Nairobi. Niliandika barua pepe ya kuomba nirudishiwe, wakanijibu kwa adabu kwamba sharti lilikuwa limeandikwa, na lilikuwa limeandikwa.

Kwa tarehe zako, kijana wangu, hesabu ni ngumu kidogo kuliko yangu. Kukaa kwako ni miezi mitatu, lakini kunagusa miezi minne ya kalenda. Oktoba na Novemba pasi ni lazima, hapo sina shaka. Septemba na Desemba una nusu mwezi kila upande, kwa hiyo jiulize kama katika siku hizo kumi na tano au kumi na sita utapanda mara 16 au zaidi. Mtu anayekwenda maabara siku tano kwa wiki atafika hapo bila taabu. Kama hutafika, lipa tiketi moja moja na uanze mkataba Oktoba. Ukiamua kuishia Novemba, usitishe kabla ya tarehe 10 Novemba. Ukiichukua hadi Desemba, tarehe yako ni 10 Desemba. Iandike ukutani. Tena, kabla ya yote hayo, uliza chuo kitakachokupokea: wanafunzi waliosajiliwa rasmi katika vyuo vingi vya Ujerumani hupata tiketi ya muhula ndani ya ada yao, na ingekuwa huzuni kulipa mara mbili. Jambo la malipo nalo uliulize mapema, kwa kuwa wauzaji wengi hudai akaunti ya benki ya Ulaya, ingawa wapo wanaopokea kadi.

#7 – Mama wa Umoja

Wanangu, naona mnazungumzia masomo na kazi. Mimi nilikwenda Delhi kumsindikiza dada yangu kwa matibabu, tukakaa wiki saba. Watu wa namna yetu ni wengi, na safari zetu hazina ratiba: leo unakwenda hospitali mara mbili, kesho daktari anasema mpumzike siku nne. Hapo pasi ya siku au ya siku tatu wanayouziwa watalii ingekuwa ni kutupa fedha. Tulichotumia ni kadi ya metro ya kujaza salio, ambayo humpunguzia abiria asilimia 10 ya nauli kila safari, na salio halikuchacha kwa kukaa siku nne kitandani. Kila mmoja wetu alikuwa na kadi yake. Behewa la kwanza katika treni hizo limetengewa wanawake, jambo ambalo kwa mgonjwa aliyefungwa bendeji lilikuwa faraja kubwa kuliko punguzo lenyewe. Siku ambazo hakuweza kushuka ngazi tulichukua bajaji, na sikuhesabu senti.

#8 – Mchangiaji wa Gigiri

Mama, pole kwa safari hiyo, na nashukuru umeileta hapa.

Mimi huenda Geneva kwa mikutano ya siku nne au tano, na nataka wenzangu wa Gigiri wajue kwamba huko pasi hainunuliwi kabisa kama umelala hotelini. Wageni wa hoteli, hosteli na kambi za mahema hupewa kadi ya usafiri bila malipo kwa muda wote wa kukaa kwao, na wengi hutumiwa kabla ya kufika. Basel nayo ina utaratibu kama huo. Nimewahi kukaa karibu na mwenzangu ndani ya tramu akiwa amenunua tiketi za siku kwa siku nne, na kadi yake ya bure iko katika barua pepe ambayo hakuifungua. Luxembourg ndiyo rahisi kuliko zote: usafiri wa umma ni bure kwa kila mtu tangu mwaka 2020, isipokuwa daraja la kwanza katika treni. Kwa hiyo swali la kwanza liende kwa anayekupa malazi.

#9 – Mfanyabiashara, Eastleigh

Naheshimu hesabu zenu, lakini naomba nitofautiane. Nilikaa New York kwa siku kumi na mbili, mwaka 2024, na sikutaka kutembea na daftari, nikanunua pasi. Mtu akiwa ugenini ana mambo mengi ya kuwaza. Kulipa dola chache zaidi ili asiogope kupanda treni isiyo yake ni thamani pia. Nilipotea mara tatu siku ya kwanza. Kama ningekuwa nalipa kila nilipopotea, ningekata tamaa ya kutoka.

#10 – Mwanzilishi wa uzi, Kahawa West

Ndugu, hoja yako ni nzito, nami nakubaliana nawe kuhusu siku za kwanza. Mgeni anayejifunza mji hupanda mara nyingi kuliko anavyopanga, na katika hesabu zangu sasa huongeza safari nne za kupotea. Ninachoshikilia ni kwamba New York yenyewe inakupa utulivu huo bila ununuzi wa mapema. Mwaka huo wa 2024 safari moja ilikuwa dola 2.90, na aliyegusisha kadi ile ile alilipia safari 12 ndani ya siku saba, kisha zilizobaki katika siku hizo zikawa bure. Tena siku saba zake zinaanza siku unayogusisha kwa mara ya kwanza, Jumatano au Jumapili, tofauti na London na Paris. Mgeni aliyepotea mara tatu Jumatatu alikuwa anakaribia safari za bure, hakuwa anapoteza.

Ninakoona unachosema kina nguvu kamili ni kwa anayesafiri na watoto au mzazi mzee. Hapo kusimama mbele ya mashine ukihesabu, nyuma yako kuna foleni, si jambo la kumtakia mtu.

#11 – Muuguzi, South B

Nimeketi leo jioni na kalenda. Ninafika Jumamosi, ninaondoka Ijumaa ya wiki ya tano. Nimeandikia mwenye chumba cha ukanda wa 2 kwamba nitakichukua. Safari zangu ni basi mara sita na treni mara nne kwa wiki, kwa hiyo sinunui pasi. Swali langu la mwisho, mwalimu: kadi ya benki yangu ya hapa Nairobi, au Oyster?

#12 – Mwanzilishi wa uzi, Kahawa West

Dada, piga simu benki yako kesho uulize mambo matatu: kama kadi inakubali malipo ya kugusisha nje ya nchi, kama ni lazima uifungulie matumizi ya ng'ambo kabla ya kusafiri, na wanakata kiasi gani kwa kila malipo ya fedha za kigeni. Jibu la tatu ndilo linaloamua. Kama makato ni asilimia ya kiasi unacholipa, tumia kadi yako, maana London hujumlisha safari zako za siku na kukutoza mara moja. Lakini kama benki hukata kiwango maalumu kwa kila muamala, siku utakayolipa nauli ndogo ya mabasi mawili tu utalipia makato yale yale kama ya siku kubwa, na wiki tano zina siku 25 za kazi. Hapo nunua Oyster, uijaze mara moja kwa wiki kutoka kadi hiyo, nayo makato yatakuwa matano. Utuletee jibu la benki hapa, bila kuitaja jina, kwa kuwa kijana wa Parklands naye atalihitaji.

#13 – Muuguzi, South B

Nimepiga simu asubuhi hii. Hukata kiwango maalumu kwa kila muamala, na kadi ni lazima ifunguliwe tawini, kwa fomu, siku tatu kabla ya safari. Nitanunua Oyster.